Seli zimekufa, lakini nani kaziua?

Kuna sentensi moja nimeichoka kwenye makala za saratani: tuliweka saiklopamini, seli zikafa, kwa hiyo zinategemea ishara za Hedgehog. Hiyo "kwa hiyo" imebebeshwa mzigo usioiweza.

Saiklopamini yenyewe sina ugomvi nayo. Inatoka kwenye mmea wa Veratrum californicum. Huko Idaho, Marekani, kondoo waliokula mmea huo karibu na siku ya 14 ya mimba walizaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Sababu ilikuja kujulikana baadaye sana: molekuli hii ndogo inajishika kwenye Smoothened, protini ya jamii ya vipokezi iliyo kwenye utando wa seli, na kuzima ishara za Hedgehog ambazo kiinitete kinazihitaji ili uso ugawanyike kushoto na kulia. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba inaishika protini hiyo moja kwa moja.

Tatizo ni dozi. Kwenye seli zinazoitikia Hedgehog vizuri, kiasi cha chini ya mikromola 1 kinapunguza ishara kwa nusu. Sasa angalia makala hizi: mikromola 10, 20, wengine wanapanda tu mpaka seli zife. Mwaka 2008 watafiti wa Genentech walichapisha kwenye Nature kwamba katika seli nyingi za saratani za namna hii, dozi inayoua haiendani kabisa na kuzimwa kwa Hedgehog. Isitoshe, Hedgehog ya uvimbe ilikuwa inazungumza na seli jirani za tishu unganishi. Yaani wengi walikuwa wanasikiliza simu isiyo yao.

Utetezi wa kawaida ni tomatidini, binamu yake wa upande wa nyanya, asiyemzuia Smoothened. Sawa, lakini binamu huyo si lazima awe na madhara yale yale ya pembeni, kwa hiyo kutoua kwake hakutuambii mengi.

Mimi ningeuliza hivi: je, jeni ya GLI1 inashuka kwa dozi ile ile? Vismodegibu, yenye umbo tofauti kabisa lakini inayolenga kipokezi hicho hicho, inaleta matokeo yale yale? Na seli za panya zisizo na Smoothened je? Zikifa nazo, kipokezi hakihusiki.

Makala niliyosoma juzi ina picha nane. Hakuna hata moja inayojibu.