Kiu ya Injini Njiani Maseno

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia, akiisha kuupita uwanja wa ndege na soko la Otonglo, huenda tambarare hadi Kisian, ambapo njia ya Bondo hujitenga kushoto. Na hapo ndipo mwinuko unapoanza, kupitia Lela hata Maseno, kutoka kimo cha ziwa, nacho ni mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi mita zipatazo 1,500 mahali ikweta ikatizapo barabara. Katika mwinuko huo, gari tulilolijenga kwa mikono yetu karakanani Otonglo lilikuwa na desturi ya kukatika nguvu: likitweta, likisita mara mbili tatu, kisha likirejewa na uhai wake kana kwamba hapakuwa na lolote, na likisharudi karakanani, liwashwe asubuhi au adhuhuri, halikuonesha dalili yoyote ya maradhi. Kosa letu la kwanza, ambalo nadhani ni la mafundi wengi, ni kwamba maradhi ya mlimani tuliyatafuta hali tumesimama tambarare.

Gari lenyewe ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na nyuma ya viti viwili imekaa injini ya Toyota 4A-FE, ya ujazo wa sentimita za mchemraba 1,587, iliyotolewa pamoja na gia zake katika Corolla iliyogongwa. Kompyuta, injekta na nyaya za injini zilihamishwa kama zilivyokuwa. Tangi la petroli, mipira yake, na nyaya za pampu tulizitunga sisi. Ninaziandika hesabu zote, pamoja na zile za makosa, kwa kuwa gari la kujengwa nyumbani halina kitabu cha kiwanda cha kurejea; na kila niikumbukapo Nyayo Pioneer, yale magari matano yaliyotungwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya agizo la Rais Moi la mwaka 1986 na kuoneshwa hadharani mwaka 1990, hutamani daftari za majaribio yake zingalikuwa mikononi mwa kila fundi wa jua kali.

Yafaa kwanza ibainike kwa nini injini ya injekta haistahimili kiu kama ile ya kabureta. Kabureta ina bakuli lake la akiba, lenye boya, hata pampu ikimeza hewa kwa sekunde mbili injini huendelea kuinywa akiba ile pasi na kutambua. Injekta haina bakuli. Tangu Bosch walipoitia injekta ya kuendeshwa kwa umeme katika Volkswagen 1600 mwaka 1967, sharti ni lilelile: kompyuta huifungua injekta kwa muda mfupi uliopimwa, ikichukulia kwamba presha ya petroli ni ile iliyoagizwa, na katika injini hii yetu haina chombo chochote cha kuithibitisha presha hiyo. Presha ikianguka, muda wa kufungua ni uleule lakini petroli ipitayo ni haba, na injini hukohoa.

Dhana za awali nitazipitia upesi. Plagi zilibadilishwa, koili ikabadilishwa, chujio likabadilishwa, hali ikabaki ileile. Ikasemwa petroli imechanganywa na mafuta ya taa, na shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana uchanganyaji huo ulishamiri nchini hata serikali ikaweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Walakini petroli mbovu ingaliisumbua injini Otonglo kama ilivyoisumbua Lela. Tukafungua kifuniko cha tangi mara tu baada ya gari kukohoa, tukisikiliza kama tangi litavuta hewa kwa mluzi, ambao ni dalili ya tundu la kupumulia lililoziba. Halikuvuta.

Ndipo tukafunga geji ya presha baada ya chujio, na hapa ndipo tulipodanganyika kwa siku nne nzima. Injini ikinguruma taratibu, geji ilisoma bar 2.3, mpira wa uvuto ukichomolewa kwenye kidhibiti cha presha, ikapanda hadi 2.8. Kiwanda huagiza takriban 2.1 hadi 2.5 katika hali ya kwanza na 2.7 hadi 3.0 katika ya pili. Tukahukumu kwamba pampu ni nzima. Hatukuzingatia kwamba injini iliyosimama tambarare hunywa petroli ya kulowesha ulimi tu, na kwamba pampu dhaifu kupindukia yaweza kudumisha presha maadamu hakuna anywaye. Presha ni jambo moja, wingi ni jambo jingine.

“Mwalimu,” akasema fundi mkuu, mzee ambaye amefungua injini tangu enzi za kabureta, “tumeuliza maji yanaruka juu kiasi gani, hatujauliza yanajaza debe kwa muda gani.”

Nikakiri, “Kweli, Mzee.” Tukauchomoa mpira unaorudisha petroli tangini, tukauelekeza katika chombo chenye alama, mbali na cheche yoyote, injini ikiwa imezimwa, tukaunganisha tundu za Fp na +B katika kisanduku cha uchunguzi ili pampu izunguke peke yake. Kwa sekunde 30 ikatoa lita 0.2, yaani lita 24 kwa saa. Injini ya nguvu za kilowati zipatazo 77 ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huhitaji takriban lita 30 kwa saa. Kiu ya mlimani ikawa bayana katika chombo kile kidogo.

Hata hivyo pampu haikuwa na hatia. Betri ilikuwa na volti 12.4, ilhali kwenye vichwa vya pampu yenyewe, ikizunguka, zilifika 9.1 tu, zaidi ya volti tatu zilipotelea njiani, sehemu katika waya mwembamba uliosokotwa kwa vidole na kuviringwa utepe, na sehemu kubwa zaidi katika waya wa hasi, ambao mimi mwenyewe niliukaza kwa skrubu juu ya rangi ya fremu. Tukatandaza waya mpya wa milimita mraba 2.5, tukaweka rilei jirani na pampu, tukaikwangua rangi mpaka chuma kikang’aa mahali pa hasi, na tukauvuta waya mwingine hadi kwenye betri. Tukapima tena: lita 0.75 kwa sekunde 30, yaani 90 kwa saa.

Tulidhani kazi imekwisha. Safari hii tuliifunga geji nje, mbele ya kioo, maana petroli yenye presha haipaswi kuingizwa ndani pamoja na watu, tukapanda Lela tangi likiwa nusu. Katika mwinuko ulionyooka sindano haikutikisika. Kisha ikaja kona ndefu ya kushoto. Tukaipita salama, na tulipokwisha kunyoosha usukani sindano ikaanguka hadi chini ya bar 1 na injini ikakohoa. Kona za kulia hazikuwa na neno. Kule kuchelewa, injini kukohoa baada ya kona wala si ndani yake, ndiko kulikotupoteza awali: hewa iliyomezwa konani ilihitaji muda kusafiri hadi kwenye injekta, na muda mwingine kutoka kupitia kidhibiti.

Tangi letu ni sanduku la bati lenye upana wa sentimita 90, urefu wa 22 na kina cha 20, karibu lita 40, wakati ule halikuwa na ukuta wowote ndani, na mdomo wa kunyonya tuliuweka sentimita tano kutoka ubavu wa kushoto. Gari likikata kona ya kushoto kwa nguvu iliyo theluthi ya uzito wake, uso wa petroli huinama sentimita moja kwa kila tatu; tangi likiwa nusu, petroli yote hukusanyika katika sentimita 75 za upande wa kulia, na sentimita 15 za kushoto hubaki kavu kabisa. Mdomo wetu ulikuwa umekaa katikati ya ukame.

Dawa ilikuwa kibuyu: mtungi wa chuma wa lita 1.5, mwembamba na mrefu, uliosimamishwa kando ya tangi. Pampu ndogo ya presha hafifu, ya aina itumiwayo na kabureta, hunyonya tangini na kukijaza. Pampu kuu hunyonya chini ya kibuyu. Mpira wa marejeo huingia ubavuni juu, ukizungusha petroli ili mapovu yapande. Na ziada pamoja na hewa hutoka kileleni kurudi tangini. Palizuka ubishi kama marejeo yapelekwe tangini au kibuyuni, na hesabu ikaukata. Yakienda tangini, kibuyu hupungukiwa lita 90 kwa saa na kukauka kwa dakika moja; yakirudi kibuyuni, hupungukiwa tu kile injini inywacho, lita 30 kwa saa, nacho hudumu dakika tatu. Hakuna kona ya dakika tatu baina ya Kisian na Maseno.

Tulitia pia kuta mbili ndani ya tangi, zenye matundu pembeni mwa chini. Hapa nasihi kwa moyo wote: tangi lililowahi kutiwa petroli huua likichomelewa likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliosalia hulipuka. Tulilimwaga, tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, tukalijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomea, tundu zote zikiwa wazi, ndipo mwali ukasogezwa.

Tulipanda tena kwa lita kumi tu tangini, tukaipita kona ile ya kushoto mara sita, kwenda na kurudi kuitafuta. Sindano ikacheza baina ya 2.3 na 2.8 kadiri mguu ulivyokanyaga, nasi tukafika kwenye kibao cha ikweta Maseno, tukazima, na kwa kitambo tukaisikia petroli ikidondoka kutoka kileleni mwa kibuyu kurudi tangini.