Batumbula na mizimu ya hoteli

Kila muji mukubwa uko na hoteli yake ya zamani, na kila hoteli ya zamani iko na mizimu yake. Lubumbashi haikukosa. Ukiomba wanafunzi wa leo waandike hadisi ya hoteli ya katikati ya muji, karibu wote watakuletea mwanamuke wa nguo nyeupe, mulango wenye kujifungua peke yake, na chumba ambamo hakuna mutu anakubali kulala. Tumesoma makaratasi ya namna hiyo mara mingi. Mwanamuke yule hana jina, hana ukoo, hakufa kwa sababu yoyote ya kwetu. Ametoka mu filme. Ukimupeleka London ao Chicago, atafanya kazi ileile.

Wazee wetu walikuwa na hadisi ingine, na sisi tunaona ina uzito zaidi: ile ya batumbula. Walisema kwamba usiku watu wenye kutumwa na Wazungu wanakamata mupita-njia, wanamushusha mu kave, chini ya nyumba kubwa za muji, hoteli nazo ndani. Kule anapewa chakula chenye kumupoteza akili na sauti, ananenepeshwa, anageuka nguruwe, kiisha nyama yake inaingia mu vikopo. Jina lingine la hadisi hiyo ni Simba Bulaya, maana yake simba wa Ulaya. « Ukitembea usiku, batakutumbula! » Mutoto gani wa Kamalondo hakusikia neno hilo?

Kuna wenye kucheka: eti ni ujinga wa maboyi. Hatukubali. Tuangalie muji wenyewe. Ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba. Kuanzia miaka ya 1920, muji wa Wazungu na mutaa wa Weusi vilitengwa na uwanja mutupu wa kadiri ya metre 700. Usiku Mweusi hakuwa na ruhusa ya kubakia upande wa Wazungu bila karatasi. Sasa boyi mwenye kumaliza kuosha sahani, akivuka ule uwanja mu giza, angeogopa nini? Na mu vijiji wanaume walichukuliwa kwenda kazi ya migodi, wengine hawakurudi, hata mwili wao haukuonekana. Mwenye kusema kwamba Wazungu wanakula watu hakuwa mbali sana na kweli. Tarehe 9 Desemba 1941 askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kukusanyika ku uwanja wa mupira. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, musemaji wao. Hao hawatembei mu hoteli yoyote ya wanafunzi wetu.

Mupaka-picha Tshibumba Kanda Matulu alielewa jambo hili. Mu 1973 na 1974 alichora picha zapata 100 za historia ya inchi, akamuhadisia Johannes Fabian kila moja, na kitabu kilitoka mwaka wa 1996. Simba Bulaya iko ndani, pamoja na vita, migomo na Lumumba. Hakuitenga kama jambo la kuchekesha watoto. Kwa maoni yetu, hapo alikuwa mwanahistoria kamili: woga wa watu nao ni sehemu ya mambo yaliyowapata.

Hata hivyo, tusisifu hadisi hii kupita kipimo. Batumbula, mara mingi, walikuwa Weusi wenzetu, wenye kutumikia Wazungu. Basi woga uligeukia jirani, mugeni, mulinzi mwenye kushika taa usiku. Muzungu yeye alilala salama ku kitanda chake cha hoteli. Hapo ndipo hadisi inakosa njia, na mwalimu lazima aseme hivyo mbele ya darasa. Mwanamuke wa nguo nyeupe haumizi mutu. Lakini pia hasemi kitu.

Wakati wa Katanga kujitenga, 1960 mpaka 1963, wanahabari wa kigeni walikuwa wanakunywa ku Hôtel Léopold II, na wengine waliandika vitabu ambamo wanatajana kwa majina. Nani aliwamiminia? Nani alifua mashuka? Hayo njo maswali tungependa wanafunzi wapeleke kwa babu zao, mbele ya kuandika tena juu ya milango. Tshibumba angejibu mengi. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1980 yeye mwenyewe alipotea, na hakuna mwenye kuonyesha kaburi lake.