Maiti kwenye ukurasa wa kwanza: namna hadithi ya upelelezi inavyojitambulisha

Katika desturi yetu ya Kinande, msikilizaji hakungoja mwisho kusudi ajue anahadisiwa hadithi ya namna gani. Jikoni kwa bibi, ikianza na mnyama mwenye kusema, watoto walijitayarisha kucheka. Kwenye kyaghanda, mzee akianza na jina la babu fulani na kilima fulani, watu walinyamaza. Ile ilikuwa historia ya ukoo, na mambo ya mashamba na mipaka ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo mwanzo ulikuwa kama mapatano: mimi nitasema hivi, ninyi mtasikiliza hivi.

Hadithi ya upelelezi, ile wanafunzi wetu wanaita « filme ya polisi », nayo iko na mapatano yake. Maiti inapatikana, hakuna anayejua aliyeua, mtu mwenye akili anaitwa. Kurasa chache tu, na msomaji amekwisha kujua kazi yake: kufwata alama, kushuku kila mtu, kungoja jina.

Tuchukue Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya miaka 1957-1958, kikachapwa mwaka 1960. Kwangu mimi, ndani ya Kiswahili hakuna mwanzo wenye hekima kuushinda. Tajiri mwenye mashamba ameuawa, na maiti yake inapatikana wapi? Kwenye mzimu, pahali ambapo watu wanaogopa kukanyaga bila sababu. Angalieni vizuri, wasomaji wapendwa. Mwandishi ameweka mbele yetu milango miwili. Kama ni wahenga wamekasirika, basi tuko katika hadithi ya mizimu na hakuna cha kupeleleza. Kama ni mkono wa mtu, kuko kazi. Halafu kuna Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, na mlango mmoja unafungwa. Kile kiko kinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes, ni kweli, na wengine wanamlaumu Abdulla kwamba aliiga Wazungu. Mimi siwafwati. Holmes hakuwa na mzimu wa kushindana nao. Hapa aina ya hadithi inazaliwa kutoka swali ambalo hata sisi, kwa matanga, tunauliza kila mara: ni ugonjwa, ni mtu, ao ni kitu kingine?

Sasa tuangalie filme ya kwetu, Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, iliyotoka mwaka 2010 kwa Lingala na Kifaransa. Yeye anaanzia kwa kitu kingine: mafuta. Kinshasa imekosa esansi, na Riva amerudi kutoka Angola na mzigo wa mafuta aliyomwibia César, mkubwa wake. Mtu wa Butembo hahitaji kufasiriwa. Magari ya mafuta yakikwama upande wa Kasindi, wale vijana wauza bido tunaowaita Kadhafi wanapandisha bei, na kila mtu anaanza kuhesabu. Tukimuona Riva akitawanya pesa usiku kucha, tunajua tayari: kuko deni, na mwenye deni anakuja. Hatuulizi nani alifanya. Tunauliza atafika lini. Hiyo ni aina nyingine ya hadithi ya uhalifu, na mwanzo wake hautuahidi haki. Hata komanda mwanamke wa filme hii anatumika kwa kutishwa na César.

Ninasema hayo kwa sababu ya kazi ninazosahihisha. Nikiomba wanafunzi waandike hadithi ya upelelezi, karibu wote wanaanza na maiti njiani, damu, na sirene ya polisi. Sirene! Nani amesikia sirene ya namna ile Kyondo ao Oicha? Wameichukua kwa filme za Marekani. Lakini kuko shida nzito kuliko sirene. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika teritware ya Beni yameondoa kwa maiti ile kazi ya kuwa alama tu. Msomaji wa Mbau akikuta maiti kwenye mstari wa kwanza, haanzi kutafuta alama. Anatafuta majina ya watu wake. Tena hadithi inamuahidi kwamba mwishoni mtu mmoja atasimama na kusema nani aliua na kwa nini. Hilo swali watu wa Beni wameliuliza kwa miaka mingi, na ripoti nyingi zimeandikwa.

Wengine watasema: basi tuache aina hii. Hapana. Ninakataa tu mwanzo wa mkopo. Mwandishi wa hapa anayeweka maiti anapaswa kujua ametia sahihi chini ya ahadi gani, na kama yuko tayari kuilipa.

Mwanafunzi mmoja alianza hivi: mwenye shamba la kakao amekimbia vita, amekaa mjini miezi mingi. Anarudi siku moja kuangalia. Miti iko, majani yako, lakini kakao imekwisha kuvunwa vizuri, na mtu amefyeka hata njia ya kupitisha mifuko. Hakuna damu hata tone moja. Nilisoma mpaka mwisho bila kushika bike nyekundu.