Tuliochelewa Kumsoma Gurnah

Yanipasa kuanza kwa kukiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Mimi nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa maandishi, katika mahojiano mafupi ya simu ya tarehe 7 Oktoba 2021, siku alipotangaziwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alisema kwamba alidhani anafanyiwa mzaha. Wakati huo alikwisha kutoa riwaya kumi. Upole wa sauti ile ulinivuta, nikaenda kutafuta vitabu.

Mahojiano ni mlango mwema, lakini mlango si nyumba. Msomaji aingiaye kwa njia hiyo hutafuta kitabuni yale aliyokwisha ambiwa: mtu aliyeondoka kwao baada ya Mapinduzi ya 1964, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, akaandika juu ya ugeni na uhamisho. Hayo ni kweli, ila hayatoshi. Niliisoma By the Sea (2001) kwa masikio hayo, nikaridhika upesi mno, kana kwamba kazi ya riwaya ni kuthibitisha maneno ya mwenyewe.

Kitabu kilichonisahihisha ni Paradise (1994). Humo hamna Mapinduzi wala maisha ya Uingereza. Kijana Yusuf achukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita kwa jina la ujamaa, asijue kwamba baba yake amemweka rehani kwa deni. Khalil, mwenzake dukani, amwambia kuwa yule si jamaa yake, na kwamba yafaa amwite Seyyid. Kiingereza hakitenganishi ami na mjomba. Mswahili asomapo hulazimika kuuliza ni yupi kati ya hao. Jibu ni kwamba si huyu wala si yule, na ndani ya jibu hilo mna uchungu wote wa kijana yule.

Tena, wahakiki wameonyesha kwamba safari ya Aziz kwenda bara ina mizizi katika masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, hasa yale ya Selemani bin Mwenye Chande. Basi Kiingereza kile kimesimama juu ya nathari ya Kiswahili. Mahojiano niliyoyasikia hayakuligusa jambo hili, wala si kazi ya mahojiano kuligusa. Ni kazi yetu.

Huenda mtu akasema kwamba mwandishi wa Kiingereza si wa kuhakikiwa na wataalamu wa Kiswahili. Kwa Paradise, neno hilo halina nguvu. Mwaka 2022 ilitoka tafsiri ya Dkt. Ida Hadjivayanis, Peponi; sasa twaweza kuweka mezani vitabu vitatu, cha Velten, cha Gurnah na cha mfasiri, tukapima kilichochukuliwa, kilichogeuzwa na kilichorudishwa.

Miaka 34 ilipita kati ya riwaya ile ya kwanza na mahojiano yale. Hatuwezi kusingizia umbali wa Uingereza, maana kitabu cha Velten tulikuwa nacho siku zote. Sauti ya mwandishi ilitukumbusha deni. Kulilipa ni kusoma.