Sura ya Mwale: Jinsi Ndagala wa Tanganyika Walivyopimwa kwa Sauti

Ndagala, samaki wadogo wanaokaushwa pwani ya Uvira na kupandishwa bonde la Ruzizi hadi Mutarule na vijiji jirani, hawahesabiki mmoja mmoja. Hata hivyo mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika, ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO kwa fedha za Ufini, nao ukiwa na vituo Bujumbura, Kigoma, Mpulungu na Uvira, uliwapima kwa mwangwi kutoka katika meli yake, Tanganyika Explorer. Aghalabu husifiwa mwangwi wenyewe. Lakini kwa rai yangu elimu ya kazi hiyo imo katika jambo linaloutangulia, nalo ni kuijua sura ya mwale wa sauti kabla ya kuusadiki.

Tuchukue transdusa, yaani kifaa kinachotoa sauti na kupokea mwangwi wake, ya 120 kHz na yenye mwale wa digrii 7. Kwenye kina cha mita 100 mwale huo hufunika duara la kipenyo cha mita 12 na kidogo. Endapo kwa hakika una digrii 7.7, eneo la duara huzidi kwa asilimia 21, na mpiga hesabu asiyejua hayo, akiwagawa samaki aliowasikia kwa eneo dogo kuliko la kweli, hutangaza wingi usiokuwapo.

Mwale huo hugeuzwa na kila kinachosimama mbele yake, na hapo ndipo lenzi ya sauti, iwekwayo mbele ya transdusa ili kuukusanya mwale, inapotakiwa kuhesabiwa kwa makini. Katika silikoni sauti huenda kama mita 1,000 kwa sekunde, polepole kuliko majini, kwa hiyo lenzi iliyobinuka huukusanya mwale. Katika polistirini huenda kama mita 2,350, na kwa sababu hiyo lenzi inayokusanya sharti iwe imebonyea. Kwa uso wenye nusu kipenyo cha milimita 50, kanuni ya lenzi nyembamba huweka kitovu, yaani mahali mwale unapokusanyika, kwenye milimita 102 kwa silikoni, na 137 kwa polistirini. Lakini kanuni hiyo haisemi kwamba polistirini hurudisha karibu asilimia 6 ya nishati kwenye kila uso, wala kwamba silikoni huinyonya sauti ndani yake. Ndiyo maana programu kama k-Wave, iliyotangazwa na Bradley Treeby na Ben Cox mwaka 2010, huigawa lenzi na maji katika vipande vidogo mno, ikafuata msukumo wa wimbi hatua kwa hatua.

Ziwa nalo ni lenzi, ila dhaifu. Maji ya juu yenye joto la digrii 26 hupitisha sauti kwa mita 1,500 kwa sekunde, ya chini yenye digrii 23.5 kwa mita 1,493. Mwale unaoshuka wima haupotoki kiasi cha kutajika, na aliyeamua kuliacha jambo hilo nje ya hesabu aliamua sawa. Ulaze mwale huohuo sambamba na uso, nao, ukivuka tabaka hizo, hupinda chini kwa digrii 5 na nusu. Hilo ni zito, maadamu usiku ndagala hupanda karibu na uso, palepale ambapo mwale wa wima huwakosa.

Dawa ya dhana ni kipimo: tufe la shaba nyekundu la milimita 23, ambalo mwangwi wake hujulikana kwa hesabu, hutundikwa chini ya meli na kusogezwa toka ukingo hadi ukingo wa mwale, katika maji yaleyale na joto lilelile watakamosikilizwa samaki.