Fuwele isiyokatwa: jinsi jiwe la Mirerani linavyofika kabatini likiwa zima

Tuseme ni wiki ya Krismasi, na kijana wa Mamba, kule Upare, amerudi nyumbani kutoka Mirerani. Basi limemshusha Same, akadandia gari la mlimani, na baada ya salamu na chai anatoa begini kitu kilichofungwa kwa pamba, na risiti yake juu. Ni kipande cha mwamba mweusi kinachotosha kiganjani, na juu yake imesimama fuwele moja ya tanzanaiti, ndefu kama kiungo cha kidole. Mjomba wake anaipeleka dirishani. Upande huu ni bluu. Akiizungusha kidogo inageuka zambarau, akiizungusha tena inakuwa kahawia yenye wekundu.

"Mbona haijakatwa?"

"Mjomba, hii haikatwi."

Jibu hilo lina biashara nzima ndani yake. Mawe ya thamani yana masoko mawili. La kwanza tunalijua: jiwe linapimwa kwa gramu, linachomwa, linakatwa, linavishwa pete. La pili halisikiki sana kwetu, ingawa mawe yake mengi mazuri yanatoka kwetu. Ni soko la wakusanyaji binafsi na makumbusho, wanaotaka fuwele kama ilivyoota ardhini, ikiwa na ncha zake, nyuso zake na mwamba wake. Kitu hicho ndicho kinachoitwa spesimeni. Kipande kidogo kinachoingia ndani ya kijisanduku cha sentimita mbili na nusu kinaweza kugombewa na watu wa mabara matatu, na kikipoteza ncha kinarudi kuwa changarawe ya kukatwa.

Safu hii inafuata jiwe la kijana wetu nyuma, mkono kwa mkono. Katika kila mkono kulikuwa na jambo ambalo mtu angelifanya kwa urahisi, na jiwe limefika Mamba zima kwa sababu hakulifanya.

Mkono wa kwanza: baruti

Mirerani iko kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wilayani Simanjiro. Miamba yake ni ya ukanda uleule wa kale unaobeba milima ya Upare, ule ambao wanajiolojia wanauita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo ulipobanwa na kuchemshwa chini ya ardhi, milima yetu ilipata ganeti zake nyekundu. Vilima vya Mirerani vilipata bahati ya ziada: miamba yenye kinywe na vanadi, iliyokunjwa kama nguo, ikaacha nafasi tupu penye mikunjo. Ndani ya nafasi hizo maji ya moto yenye madini yakaotesha fuwele, yapata miaka milioni 585 iliyopita.

Nafasi hizo tuziite mifuko. Tatizo ni kwamba mchimbaji anaufikia mfuko kwa baruti. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, unaoridhisha, lakini ina udhaifu ambao ugumu hauuonyeshi: kuna upande mmoja ambao fuwele hupasuka kwa unyoofu kabisa, kama ukuni mkavu unaofuata nyuzi zake. Mshindo wa baruti hauhitaji kuigusa. Unafungua ufa mwembamba usioonekana, na fuwele inakatika baadaye ikiwa mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimama. Anayeona dalili za mfuko, yaani mwamba umebadilika na kalisaiti nyeupe zimeanza kutokea, anaweka baruti kando na kushika patasi na nyundo ndogo. Fuwele haing'olewi peke yake. Mwamba unaoizunguka unakatwa kwa mbali, na kipande kinatoka na tope lake. Vilivyovunjika vinafungwa pamoja, kwa kuwa vipande viwili vya jiwe moja vikitenganishwa shimoni havikutani tena.

Ni rahisi kuandika hivyo ukiwa umekaa mezani. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mirerani, aliye chini mamia ya mita, kwenye joto na hewa nzito, mara nyingi hana mshahara. Anapewa chakula, na akipata jiwe anapata fungu. Kila saa ya patasi ni saa ya kumwogopa jirani ambaye shimo lake linaweza kutokea upande wa pili. Ukitaka kujua kwa nini fuwele nzima za Mirerani ni chache, usianze na jiolojia. Anza na namna watu wanavyolipwa: anayelipwa kwa gramu hana sababu ya kulinda ncha.

Mkono wa pili: mizani

Juni 2020, mchimbaji wa Mirerani Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti yaliyotangazwa dunia nzima. Moja lilikuwa na kilo 9.27, la pili kilo 5.1, na yote pamoja yalizidi shilingi bilioni 7.7. Wengi tuliishia kwenye jumla. Tugawanye. Jiwe kubwa lilithaminiwa kama bilioni 4.5, ambayo ni karibu shilingi 485,000 kwa gramu. Dogo lilithaminiwa kama bilioni 3.3, karibu shilingi 647,000 kwa gramu. Jiwe dogo lilikuwa ghali zaidi kwa gramu kwa zaidi ya asilimia thelathini.

Kama bei ya gramu ingekuwa moja, hesabu hizo zingelingana. Hata kwenye mizani, basi, jicho lilikuwa linafanya kazi. Kwenye soko la spesimeni jicho ndilo mizani yenyewe. Linatafuta ncha iliyofungwa vizuri, nyuso zinazong'aa kama kioo, rangi, uwazi, na jinsi fuwele ilivyokaa juu ya mwamba wake. Tanzanaiti ya bluu inayosimama juu ya kinywe cheusi ina kitu ambacho fuwele iliyolegea haina: inaonyesha ilikoota.

Mkono wa tatu: moto

Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na kahawia. Dalali anazichoma kwenye tanuru, kwa nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, vanadi iliyo ndani inabadili hali yake, kahawia inatoweka, na bluu na zambarau zinabaki. Kwa pete hilo ni jema, na halina njia ya kurudi.

Kwa mkusanyaji, moto umechukua theluthi ya jiwe. Fuwele ya asili inaonyesha rangi tatu kutoka pande tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyoyeyuka. Ndiyo maana mjomba alipoona kahawia dirishani alikuwa anasoma hati bila kujua: rangi ya tatu ikiwepo, jiwe halijachomwa. Kinyume chake hakithibitishi kitu. Mawe machache yalichomwa na ardhi yenyewe na hutoka yakiwa bluu tayari, na hata maabara hushindwa kuyatenganisha na yale ya tanuruni. Hapo linabaki neno la muuzaji.

Mkono wa nne: maji na tindikali

Jiwe limefika juu na tope lake. Kila mtu anataka kuliosha, na hapa ndipo uharibifu wa kimyakimya hutokea. Tanzanaiti iliyotoka kwenye joto haitumbukizwi kwenye maji baridi, maana mabadiliko ya ghafla yanaukamilisha ufa wake. Haiwekwi kwenye mashine za kuoshea zinazotetemesha maji. Haifutwi vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu vumbi lina chembechembe za kwatzi zenye ugumu wa 7 na zinaukwaruza uso wake. Kalisaiti iliyoifunika inaweza kuyeyushwa kwa tindikali dhaifu ya aina ya siki, polepole, kwa siku. Mwenye haraka hutumia tindikali kali ya haidrokloriki, na hiyo inaweza kuula uso wa tanzanaiti yenyewe.

Kuna hasara isiyo na bei pia. Mwaka 2016 John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Michigan Tech na wenzake walitangaza madini mapya duniani. Yalikuwa nywele za kijivu, nyembamba kiasi cha kuhitaji hadubini, zilizokaa juu ya fuwele za Mirerani pamoja na zoisaiti, prenaiti na kinywe. Ndani ya kila unywele kuna tabaka za salfaidi za molibdenamu na za risasi zilizojiviringisha kama mkeka. Yaliitwa merelaniti, kwa jina la mahali, na jumuiya ya kimataifa ya wanamadini ikayachagua kuwa madini ya mwaka huo.

Fikiria ni mara ngapi nywele hizo zilikwisha kusuguliwa kwa mswaki na sabuni kabla ya hapo, kwa sababu zilionekana kama uchafu. Mirerani ilichimbwa tangu 1967. Kwa karibu miaka hamsini madini yenye jina lake yalikuwa yakishuka na maji ya kuoshea. Yaliokolewa na vipande ambavyo havikusafishwa sana.

Mkono wa tano: gundi

Fuwele iliyokatika inaweza kuunganishwa, na hakuna ubaya muuzaji akisema. Ubaya upo anaponyamaza, na upo zaidi anapobandika fuwele nzuri juu ya mwamba isikoota, au anaposugua uso uliovunjika ufanane na uso wa asili. Ukaguzi wake hauhitaji maabara. Taa ya urujuanimno huifanya gundi nyingi kung'aa gizani. Lenzi inaonyesha kama kinywe kimeingia kwenye mizizi ya fuwele au kimepakwa kuizunguka. Na uso wa asili wa tanzanaiti una mistari myembamba inayofuata urefu wa fuwele, ambayo msasa hauwezi kuichora upya.

Mkono wa sita: karatasi

Tufungue sasa ile risiti. Ina tarehe, uzito na kodi, na inathibitisha kwamba jiwe lilipita kwenye lango la ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo, uliozinduliwa Aprili 2018. Haisemi limetoka kitalu gani, shimo gani, kina gani, wala lilikuwa na madini gani mengine mfukoni. Mkusanyaji mzuri anataka hayo yote, kwa kuwa jiwe lisilo na mahali ni pambo tu. Mwanasayansi hawezi kulitumia, na makumbusho hayalipokei kwa furaha.

Sisi tunajua gharama ya karatasi iliyokosekana. Serikali inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wa tanzanaiti, na siku ya kuzindua ukuta Rais Magufuli alimpa shilingi milioni 100. Vitabu vingi vya nje vinamtaja Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha. Vingine vinamtaja Mmasai Ali Juuyawatu. Wote wamewekwa mwaka uleule wa 1967, kwenye vilima vilevile. Jiwe lenyewe halikusahaulika: mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ililipa jina linalojulikana dunia nzima. Mkono wa kwanza ndio tunaoubishania hadi leo.

Na sheria ina shimo lake hapa. Nchi imezuia kusafirisha nje tanzanaiti ghafi kubwa ili ikatwe nyumbani na ajira zibaki. Ni hoja nzuri kwa jiwe la pete. Spesimeni, hata hivyo, ni ghafi kwa asili yake: ukiikata ili kuiongezea thamani umeiua. Mizani isiyotenganisha vitu hivi viwili inamfundisha mchimbaji kuvunja kitu ambacho kingeuzwa ghali kikiwa kizima, au kingebaki kwenye kabati la makumbusho yetu wenyewe.

Kurudi dirishani

Upare hauanzi leo kujua madini. Wafua chuma wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, walichekecha mchanga mweusi wa vijito, wakaupika kwa makaa na viriba, na chuma chao kikavuka hadi Uchagani. Ulikuwa ufundi wa moto: madini yalikuwa na maana yakishageuzwa kuwa jembe. Ufundi wa spesimeni unadai kitu ambacho mfua chuma angekishangaa, yaani watu sita waliokutana na moto, nyundo, tindikali na gundi, na kila mmoja akatumia kidogo kuliko alivyoweza.

Jiwe la dirishani limeshapita mikono mitano. Wa sita hauna zana yoyote ya kutisha. Mjomba anauliza limetoka wapi hasa, na kijana anaanza kusimulia: kitalu, shimo, mwezi, kalisaiti iliyokuwa juu yake. Kabla hajamaliza, mzee amekwisha kumwita mtoto alete kalamu.