Pongezi kwa Manahodha wa Ziwani

Manahodha wa mashua za utalii kwenye ufuo wa Kisumu, kuanzia Dunga hadi upande wa Kisian, wanastahili pongezi, kwani wanauza kitu kisichovuliwa wala kupimwa kwa mizani, yaani nafasi ya kuwatazama wanyama bila kuwasumbua. Kwenye mafunjo, mimea mirefu ya kinamasi, humwonyesha mgeni ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye makao yake ni humo; kiboko hutazamwa kwa mbali, maana hasira yake haibishi hodi. Kisiwa cha Ndere, ambako pia huwapeleka wageni na ambacho jina lake kwa Kidholuo humaanisha mahali pa kukutania, kilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1986, na swalapala wamo.